Jinamizi mmelipita haraka

Makala yenu ya hatua za usingizi ni nzuri, ila jinamizi, yaani kuzinduka usingizini mwili ukakataa kusogea, mmelipatia sentensi moja tu, na lenyewe linatesa watu kimyakimya. Mdogo wangu ni mlinzi wa usiku, analala mchana, chali, hoi. Juzi alizinduka, akasikia muuza maji akigonga madumu nje, akaiona feni ikizunguka, lakini hata kidole hakikunyanyuka, na kifuani kama kuna mtu kamkalia. Alitusimulia huku machozi yanamtoka. Nyumbani wakaanza kumtaja jirani kuwa kamroga, mama wa watu!

Hapo ndipo paliponiuma. Katika ile hatua ya usingizi yenye ndoto, ambayo watafiti Aserinsky na Kleitman waliieleza kule Chicago, Marekani, mwaka 1953, ubongo huilegeza misuli ili tusitende tunayoyaota. Kupumua kunaendelea. Sasa akili ikiamka kabla mwili haujafunguliwa, ndoto inaingia chumbani macho yakiwa wazi. Sekunde kadhaa au dakika chache, inapita. Uchovu, kazi za zamu na kulala chali huichochea.

Wakati wa hofu ya Popobawa, jini lililosemekana kuwavamia watu usingizini, Pemba na Unguja mwaka 1995, watu walikesha nje ya nyumba zao. Nawahurumia, maana kukesha kwenyewe kunaliita jinamizi.

Mdogo wangu sasa analala ubavu, pazia zito dirishani, saa zilezile kila siku. Jirani tumemwomba radhi. Ila anayepatwa mara kwa mara, tena anasinzia ghafla mchana hata akiwa katikati ya mazungumzo, tafadhali amwone daktari.