Rwanda 1994: Hofu ya Mogadishu haitoshi kuwa utetezi

Ukiwauliza watetezi wa Marekani kwa nini Rwanda iliachwa peke yake wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, watakupeleka kwanza Mogadishu. Oktoba 1993 wanajeshi 18 wa Marekani waliuawa huko, na maiti zikaburutwa mitaani mbele ya kamera. Miezi sita baadaye, nani angethubutu kuwaambia wapiga kura kwamba sasa ni zamu ya Kigali? Hoja hii ina uzito. Serikali huwajibika kwa raia wake kwanza, na jeshi linaloingia nchi ya watu bila kujua litatokaje linaweza kuacha balaa nyuma yake. Libya baada ya NATO kuingilia kati 2011 inatosha kutukumbusha.

Tatizo ni kwamba Rwanda askari walikuwapo tayari. Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada alikuwa na kikosi cha Umoja wa Mataifa cha watu wapatao 2,500, na tangu Januari alikwishayaonya makao makuu ya Umoja huo, New York, kuhusu maficho ya silaha. Wabelgiji 10 wa kikosi hicho walipouawa Aprili 7, Ubelgiji ikaamua kuwaondoa waliobaki, na Aprili 21 Baraza la Usalama likaagiza kikosi kipunguzwe hadi watu 270 hivi. Katikati ya siku hizohizo, Ufaransa na Ubelgiji zilituma makomando kuwachukua wageni. Ndege zilipatikana, uwanja ukalindwa, Wazungu wakapanda. Wanyarwanda wengi waliokimbilia kwa askari hao wakaachwa.

Hata redio ya RTLM, iliyokuwa ikichochea mauaji, haikuguswa. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilisema kuvuruga matangazo yake ni ghali na hakutasaidia. Hapo hakuna mwanajeshi ambaye angeburutwa mtaani.

Wapo wanaodai mauaji yalikwenda kasi mno, kwamba hata kikosi kikubwa kingechelewa. Kwa wengi, huenda ni kweli. Lakini askari wachache waliobaki, wakiwemo Waghana, walisaidia kulinda maelfu ya watu katika uwanja wa michezo wa Amahoro, Kigali, tena wakiwa na silaha haba.

Ufaransa ilirudi Juni kwa Operesheni Turquoise. Iliokoa baadhi ya watu kusini-magharibi, ila wauaji nao walipitia eneo hilohilo kuvuka kwenda Zaire (Kongo ya leo), na mzigo huo wakazi wa Kivu, mashariki mwa nchi hiyo, wangali wanaubeba. Wapinzani wa kuingilia kati huutaja mfano huu kwa furaha. Wanasahau kwamba aliyeingia Juni alikuwa Kigali Aprili, akaondoka.