iPad Mpya na Hesabu za Mwalimu wa Kigoma

Tarehe 4 Machi 2025 kampuni ya Apple ilitangaza iPad mpya ya daraja la kawaida, ile iliyo ya bei nafuu kuliko ndugu zake zote, na wiki iliyofuata ikaanza kuuzwa Marekani kwa dola 349. Prosesa yake ni A16, iliyoanza kutumika katika iPhone 14 Pro mwaka 2022, na nafasi yake ya kuhifadhia imeongezwa kutoka GB 64 za toleo lililotangulia hadi GB 128 bila bei kupanda. Wafuatiliaji wa vifaa hivi hawakuliona tangazo hilo kuwa na kishindo. Mimi ninayefundisha Jiografia sekondari hapa Kigoma mjini, na ambaye nyaraka zangu nyingi siku hizi ziko katika PDF, nililipigia hesabu kwa makini, na maoni yangu ni kwamba kifaa ni kizuri, bei yake inaeleweka, lakini sitakinunua.

Haja yenyewe haina ubishi. Kishikwambi si kitu kigeni katika ofisi za walimu tangu Serikali ilipotugawia vile vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, na tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutekelezwa Januari 2024, mwalimu asiye na mahali pazuri pa kusomea mihtasari na vitabu vilivyomo katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania huishia steshenari, akilipia kurasa atakazozitumia mara moja. Somo langu lina shida yake ya ziada, nayo ni ramani. Chukua swali la kusoma ramani katika mtihani wa zamani wa kidato cha nne, karatasi iliyoskaniwa ikiwa na mikunjo yake, mistari ya kontua imefifia na namba za gridi ziko pembezoni kabisa. Kwenye simu unakuza kwa vidole viwili hadi namba ya kontua isomeke, na papo hapo namba za gridi zinatoka nje ya kioo. Ukirudisha ili uione gridi, kontua inakuwa nyembamba kama unywele na huku mwanafunzi amesimama pembeni anasubiri jibu. Kioo cha inchi 11 hubeba ukurasa mzima na pembe zake zote, na kwa adapta ndogo ya USB-C ukurasa huo huo unaweza kupelekwa kwenye projekta darasani.

Kuhusu bei, dola 349 ni bei ya Marekani kabla ya kodi. Nikiikadiria dola kwa shilingi 2,600, napata shilingi 907,400. Nikiongeza VAT ya asilimia 18 nafika takriban shilingi 1,070,000, na hapo sijaweka faida ya mfanyabiashara wa Kariakoo wala gharama ya kifurushi hadi huku. Fedha hiyo inazidi mshahara wa mwezi wa mwalimu mwenye shahada anayeanza kazi. Kulikuwa na unafuu katika mwaka wa fedha 2021/22, simu janja, vishikwambi na modemu viliposamehewa VAT, lakini bajeti iliyofuata iliuondoa. Tangazo lenyewe linaonyesha kifaa kikiwa na kalamu na kibodi, ambavyo huuzwa pembeni: kalamu ya bei ya chini ni dola 79 na kibodi yake ni dola 249. Ukivijumlisha vyote vitatu unapata dola 677, yaani shilingi 1,760,200 kabla ya kodi, na kwa fedha hiyo mtu anapata kompyuta mpakato ya kueleweka na chenji inabaki. Kwa hiyo anayeingia katika ununuzi huu aamue mapema kwamba kibodi ya Apple haimo katika hesabu. Kibodi za bluetooth za kawaida zinafanya kazi hiyo.

Hata hivyo, bei siyo iliyonirudisha nyuma. Kilichonirudisha nyuma ni laini.

iPad hii inauzwa kwa namna mbili: ile ya Wi-Fi pekee, na ile inayopokea mtandao wa simu, ambayo huanzia dola 499. Mtu yeyote mwenye akili ya kubana matumizi atasema chukua ya Wi-Fi, washa hotspoti kwenye simu yako, okoa dola 150. Nami ningesema hivyo, kama iPad za Wi-Fi zisingekosa kipokezi cha GPS. Jambo hili halitajwi sana kwa sababu kwa mtumiaji wa mjini halina uzito: kifaa kinakisia mahali kilipo kwa kutumia mitandao ya Wi-Fi iliyo karibu, na katikati ya London makisio hayo yanatosha. Lakini ninapowapeleka wanafunzi mwaloni Kibirizi kupima mahali ambapo maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda na kuingia nchi kavu katika miaka hii ya karibuni, hakuna Wi-Fi ya kukisia, na ramani inayokuweka mtaa mwingine haifai kwa somo. Simu yangu ina GPS, ni kweli, ila ni ya Android, nayo haiipi iPad taarifa za mahali kupitia hotspoti kama iPhone inavyofanya. Nitabaki nikisoma namba kwenye kioo kidogo na kuziandika upya kwenye kioo kikubwa, mbele ya vijana arobaini na jua la saa sita.

Basi inabaki ile ya dola 499, ambayo GPS yake hufanya kazi hata bila laini. Hapa ndipo lilipo badiliko ambalo limepita kimyakimya: toleo hili halina kabisa tundu la kuwekea kadi ya simu. Linatumia eSIM pekee, yaani laini inayosajiliwa ndani ya kifaa chenyewe. Mitandao yetu mikubwa imeanza kutoa huduma hiyo, sikatai, na watetezi wake watasema kwa haki kwamba kifaa kimoja huweza kuhifadhi laini kadhaa na kuzibadilisha kwenye mipangilio. Lakini fikiria jinsi tunavyoishi na laini zetu. Anayesafiri mwambao wa kaskazini kuelekea Kagunga anajua kwamba mtandao ulioshika vizuri mjini unaweza kupotea mbele, na dawa yake ni kuchomoa kadi moja na kuweka nyingine, hata ya kuazima kwa ndugu. Kifaa kikizimika au kikipasuka, kadi unaihamishia kwenye simu yoyote ya vitufe na kazi inaendelea. eSIM inabaki ndani ya kifaa kilichokufa hadi ufike kwenye duka la mtandao husika na kitambulisho chako cha NIDA na alama za vidole.

Lipo na jingine dogo ambalo huwashangaza wengi baada ya kununua. iPad haina sehemu ya kupigia simu, kwa hiyo zile menyu zetu za nyota na reli hazipatikani kabisa. Huwezi kupiga nyota 150 nyota 00 reli ukanunua bando ukiwa umeishika mkononi. Itabidi utumie programu ya mtandao, ambayo huenda isifunguke ikiwa bando limekwisha, au umwombe mwenye simu akununulie bando kwa namba yako. Kwa mwenye kadi, usumbufu huo unatatuliwa kwa pini ya kuchomolea: kadi inakwenda kwenye simu, unanunua bando, kadi inarudi. Kwa eSIM, mlango huo umefungwa.

Nitoe haki kwa upande wa pili, maana kifaa hiki kina sifa mbili ambazo kwetu zina thamani kuliko kwa wale wanaokikosoa. Ya kwanza ni kioo. Wachambuzi wa nje wanalalamika kwamba kioo cha mbele hakijagandishwa kwenye skrini iliyo chini yake, kwamba kuna uwazi mwembamba katikati, na kwamba kukigonga kunatoa sauti ya utupu. Ni kweli, na barazani adhuhuri uwazi huo huongeza mng'ao. Lakini nilipomuuliza fundi mmoja wa barabara ya Lumumba, ambaye meza yake imejaa vioo vya simu vilivyopasuka na chupa ya spiriti, hakutaka kusikia habari ya mng'ao. “Mwalimu,” alisema, “hizi zilizogandishwa, kioo kikipasuka unanunua na skrini yake. Hizi za kawaida nabandua kioo tu, skrini nakuachia.” Mafundi walioidhinishwa na Apple wako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka hapa, kwa hiyo kifaa ambacho fundi wa mtaani anaweza kukifungua na kukirudishia uhai kina sifa ambayo hakuna tangazo litakaloiandika.

Ya pili ni umri. iPad ya kwanza kabisa, iliyotangazwa Januari 2010 na kuanza kuuzwa Aprili mwaka huo, ilikuwa na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya MB 256 na haikuwa na kamera hata moja; iPad 2 ikaja Machi 2011 ikiwa na kamera mbili, na kufikia 2012 ile ya kwanza ilikuwa imekwisha kuachwa nje ya mfumo mpya, iOS 6. Waliowahi kununua walilipia uharaka wao. Siku hizi hali si hiyo: iPad ya kizazi cha saba, ya mwaka 2019, imepokea mfumo wa iPadOS 18 uliotoka 2024. Kwa mnunuzi ambaye hatanunua kingine kwa miaka mingi, muda huo mrefu wa masasisho ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote za kununua iPad, na naikubali bila masharti.

Mambo mengine yanapita haraka. Apple Intelligence, yaani huduma ya akili bandia ya Apple, haimo katika toleo hili kwa sababu ya prosesa, na kwa kuwa haijui Kiswahili, sioni cha kulilia. Umeme nao si hoja kubwa kama ulivyokuwa zama za majenereta ya dizeli, kabla mkoa haujaanza kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022. Ukikatika, betri ya iPad ni ya takriban Wh 29, na pawabenki nzuri ya mAh 20,000 inaijaza mara moja na nusu hivi.

Kuhusu Android, mfano ulio karibu ni Galaxy Tab A9+ ya Samsung, iliyotangazwa Oktoba 2023 na kuuzwa Marekani kwa takriban dola 220. Kioo chake nacho ni cha inchi 11, kina tundu la memori kadi, GPS ipo hata katika ile ya Wi-Fi, na yenye mtandao wa simu inapokea kadi ya kawaida. Ukiyaangalia mahitaji yangu moja baada ya jingine, hii inayajibu karibu yote. Udhaifu wake ni kwamba ile ya bei ya chini ina RAM ya GB 4 na GB 64 za kuhifadhia, na haitapata masasisho kwa muda mrefu kama iPad. Nimeshaona inavyositasita ikifunguliwa PDF nzito yenye picha za setelaiti. Inavumilika, ila inachosha.

Ndiyo maana macho yangu yamerudi kwenye iPad ya kizazi cha 10, ile ile ambayo tangazo la Machi limeiondoa sokoni. Ilitoka Oktoba 2022, ina prosesa ya A14, na kioo chake ni kile kile cha toleo jipya. Apple walikiita cha inchi 10.9, sasa wanakiita cha inchi 11, na idadi ya nukta haijabadilika hata moja. Muhimu zaidi, ile yenye mtandao wa simu ina tundu la kadi na GPS ndani yake. Inapitwa kwa kasi na kwa nafasi, lakini GB 64 zinanitosha mtu ambaye hanuii kuhifadhi filamu, na kwa kusoma ramani sitaiona tofauti ya prosesa. Tatizo ni kwamba bei za huku hazishuki siku ya tangazo. Mwenye duka aliyenunua mzigo kwa bei ya zamani atauza kwa bei ya zamani hadi uishe, na simlaumu.

Njia iliyobaki ni ya kutumika, zile zinazoletwa kutoka Dubai na kwingineko, na hapo lazima mtu awe macho. Zenye laini zina namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, ambayo unaituma kwa ujumbe kwenda 15090 ili ujue kama ni halali kabla ya kutoa fedha. Akaunti ya iCloud ya mmiliki wa awali lazima iwe imeondolewa mbele ya macho yako, na kifaa kifutwe chote kisha kiwashwe upya hadi mwisho wa hatua za kuanzishia, huku kikiwa kimeunganishwa na intaneti, kwa sababu nyingi zilikuwa mali ya shule na makampuni ya ughaibuni na hujifunga zenyewe zikikutana na mtandao. Muuzaji anayekwambia utamalizia nyumbani, muage kwa heshima.

Nimeshamwachia maagizo mtu wangu wa Kariakoo: kizazi cha 10, yenye tundu la kadi, isizidi shilingi 800,000, na aiwashe mbele yangu kwa simu ya video. Ikifika likizo ya Juni haijapatikana, nitachukua Galaxy Tab A9+ yenye laini, ile ya RAM ya GB 8 kama ipo, na memori kadi juu yake.