Mafundi wa barazani

Jumapili, hapa Ngamiani, Tanga, nimeinua Hiace yangu kuukuu kwa jeki nibadilishe grisi ya beringi za mbele. Hata sijamaliza kuziosha kwa mafuta ya taa, washauri watatu wameshajipanga barazani, vikombe vya kahawa mkononi. "Kaza nati mpaka igome!" Igome nini, jamani? Beringi hizi unakaza huku unazungusha gurudumu ili zikae, unalegeza, kisha unarudishia kwa vidole tu. Ukizibana zinachemka, zinaungua. Mwingine ananing'ang'ania nirudishe kotapini, ile pini ya kuzuia nati isifunguke, ile ile ya zamani, eti bado nzima. Wa tatu ndiye kaniua: kaishika beringi niliyokwisha kuijaza grisi, vidole vimejaa chembe za kashata! Nikaiosha upya. Na jeki yenyewe ya kuazima, mwenyewe anaitaka.