Hivi vidonge vya "kulinda seli" vinatupotosha

Kuna hii biashara ya kulinda seli imeshika kasi sana mtandaoni, vidonge, poda, juisi za kutoa sumu, na maneno ni yaleyale, seli zako zinashambuliwa kila dakika na radikali huru, yaani molekuli korofi zinazoharibu kila zinachogusa, meza hiki zitulie. Mi sina shida na mtu kuuza bidhaa yake, shida yangu ni ile picha wanayowajaza watu kichwani kwamba seli ni kitu kinyonge, kimekaa tu kinasubiri kupigwa. Siyo kweli hata kidogo. Seli ikiguswa inajibu, na magonjwa mengi tunayoyajua, ukiyachungulia kwa ndani, ni hayo majibu yenyewe yamezidi, au yamekwama njiani, au stresi (namaanisha shida inayoipata seli, siyo mawazo ya kichwani) imekaa muda mrefu mpaka yamegeuka kuwa tatizo jingine.

Tuanze na joto. Mwaka 1962 Muitaliano mmoja, Ferruccio Ritossa, alikuwa anachunguza kromosomu za inzi wa matunda, zile nyuzi zinazobeba jeni, mtu akapandisha joto la inkubeta, kile chombo cha kuwatunzia, pale maabara, Ritossa akaja kuangalia akakuta kromosomu zimetuna sehemu ambazo kawaida hazitunagi. Yaani joto limewasha jeni. Baadaye ikaja kujulikana jeni hizo zinatengeneza protini za kusaidia protini zingine, maana protini ikipata joto inaanza kupoteza mkunjo wake na isipokunjwa vizuri haifanyi kazi. Sisi tunazo, mimea inazo, hadi bakteria. Na kinachonifurahisha mimi ni hiki: seli iliyopashwa joto kidogo kwanza, baadaye inavumilia joto kali ambalo lingeiua. Ile stresi ndogo ndo imeiandaa.

Oksijeni nayo hivyohivyo. Kuna protini inaitwa HIF, seli inaitengeneza muda wote na kuivunja muda wote, oksijeni ikipungua haivunjwi tena, inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni kibao, mwili unaongeza chembe nyekundu za damu, mishipa mipya inaota. Wanasayansi Kaelin, Ratcliffe na Semenza walipewa Nobeli ya 2019 kwa kazi hiyo. Saratani nayo inatumia mlango huohuo kujitafutia damu, lakini hiyo ni habari ndefu.

Halafu otofajia, seli kula vipande vyake vilivyochakaa pale chakula kinapopungua. Mwanasayansi Yoshinori Ohsumi alipata Nobeli 2016 kwa kuichunguza, na tangu hapo kila anayeuza ratiba ya kufunga kula analitaja jina lake. Jamani, kazi iliyompa umaarufu aliifanya kwenye hamira! Masaa mangapi binadamu akae na njaa, hilo hamira haiwezi kukujibu.

Sasa tuje kwenye stresi isiyoondoka, maana hapa ndo watu wengi tunaumia bila kujua. Chukua presha. Moyo unasukuma damu dhidi ya ukinzani mkubwa kila siku, na seli za misuli ya moyo za mtu mzima karibu hazigawanyiki kabisa, zinazofanywa upya ni chini ya asilimia 1 kwa mwaka, kwa hiyo haziwezi kuongezeka idadi, zinachofanya ni kunenepa. Kuta za moyo zinakuwa nene. Mtu hasikii chochote, anapanda ngazi, anacheka, na kwa miaka ni kweli mbinu hiyo inambeba, ila misuli inavyonenepa inataka damu nyingi kuliko mishipa yake inavyoweza kuleta, seli zingine zinakufa kidogokidogo, makovu yanaingia, na mwisho ule moyo uliokuwa umejiimarisha unashindwa kazi. Ndo maana daktari anakusumbua na dawa za presha wakati wewe unajiona mzima, yeye anaangalia hizo kuta.

Au sigara. Njia ya hewa imefunikwa na seli zenye vinyweleo vidogo vinavyopandisha makohozi na uchafu juu. Moshi unaziua, basi mwili unaanza kuweka pale seli bapa ngumu zinazouvumilia moshi. Kwa seli huo ni ushindi, zimepona. Kwa mwenye mapafu ni hasara, hakuna wa kupandisha makohozi, ndo kile kikohozi cha asubuhi cha wavutaji. Akiacha, sehemu ile inaweza kurudi kawaida. Asipoacha, saratani inaweza kuanzia hapohapo.

Kuna mpaka lakini, na huu ndo ningependa watu wauelewe kuliko kitu kingine chochote. Seli ikikosa damu nishati inaisha, pampu zinazotoa sodiamu nje zinasimama, maji yanaingia, seli inavimba. Mpaka hapo damu ikirudi inapona kabisa. Ikichelewa, utando unapasuka, kalsiamu inamiminika ndani, mitokondria, vile viwanda vya nishati vya seli, zinaharibika, na hapo hata ukileta oksijeni yote ya dunia hairudi. Kwa misuli ya moyo ni kama dakika 20 mpaka 40 hivi ndo seli za kwanza zinavuka, ubongo ni dakika chache tu. Kile kipimo cha troponini wanachopima mtu akija na maumivu ya kifua ni hicho hicho, troponini ni protini inayokaa ndani ya seli ya moyo, ukiikuta nyingi kwenye damu ujue kuna seli zimeumia zikamwaga vilivyomo. Na cha ajabu, damu ikirudi nayo inaumiza, oksijeni inapoingia ghafla kwenye seli iliyodhoofika radikali huru zinalipuka. Bado ni lazima irudi, tena haraka, hakuna njia nyingine.

Na kufa kwenyewe kuko kwa aina zaidi ya moja. Mwaka 1972 watafiti Kerr, Wyllie na Currie waliandika kuhusu kifo walichokiita apoptosisi, seli inajikatakata yenyewe vipande vilivyofungwa vizuri, majirani wanavimeza, hakuna uvimbe, hakuna fujo. Mabilioni ya seli zako yanaondoka hivyo kila siku na hujui. Nekrosisi ndo ile ya kupasuka na kumwaga, inayoita wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Sasa yule muuzaji anayekuambia seli zako zisife, mwambie seli iliyokataa kufa ndo mwanzo wa saratani. Kuna protini p53, DNA ikiharibika inasimamisha mgawanyiko irekebishwe, ikishindikana inaiamuru seli ife, na karibu nusu ya saratani za binadamu jeni yake imeharibika. Tembo ana nakala kama 20 za jeni hiyo, sisi tuna jozi moja tu, na saratani kwake ni nadra ukilinganisha na ukubwa wa mwili wake.

Turudi kwenye vidonge, maana vimepimwa, siyo kwamba ni mimi tu na chuki zangu. Finland walichukua wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000, baadhi wakapewa beta-karotini kila siku kwa miaka, antioksidanti kabisa, yaani kizima radikali huru, ile ya karoti. Matokeo yakatoka 1994: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Zaidi! Marekani utafiti unaofanana na huo ukasimamishwa kabla ya muda wake mwaka 1996 kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 2009 mtafiti Michael Ristow na wenzake wakafanyisha vijana mazoezi wiki 4, waliokuwa wanameza vitamini C na E kwa dozi kubwa mwili wao haukuongeza usikivu kwa insulini, ile homoni ya kushusha sukari, wasiomeza ukaongeza. Maelezo yao ni kwamba radikali huru zinazotoka ukifanya mazoezi ndo ujumbe wenyewe, ukizizima umenyamazisha simu kabla haijapokelewa. Hapo siongelei mtu mwenye upungufu wa vitamini, huyo anahitaji na apewe.

Angalia ini la mnywaji. Kwanza mafuta yanajaa ndani ya seli, akiacha pombe wiki kadhaa mafuta yanaondoka, ini lenyewe linafanya hiyo kazi. Akiendelea, seli zinaumia, uvimbe unaingia, ukimpima damu, ALT, kimeng'enya kinachovuja seli za ini zikiumia, imepanda. Akiendelea tena makovu yanafunga ini zima, sirosisi, na hiyo kurudi nyuma ni shughuli nyingine kabisa. Sasa muuzaji wa juisi ya kusafisha ini aje aniambie juisi yake inaingia hatua ipi kati ya hizo, na inaifanyia seli nini ambacho kuacha chupa hakujafanya.