Yadi 41 za Atlanta: beki wa nyuma alibebeshwa mzigo wa wengi

Kila ikitajwa fainali ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu, iliyochezwa Atlanta Januari 8, 2018 kati ya Georgia na Alabama, lawama humwangukia mtu mmoja: beki wa nyuma wa Georgia aliyechelewa kufika pembeni. Georgia walikuwa wakiongoza 23–20 katika muda wa nyongeza. Tua Tagovailoa, kwotabeki (mrushaji wa mpira) kijana aliyeingizwa na Alabama kipindi cha pili, alikuwa ndio kwanza ameangushwa na kurudishwa nyuma yadi 16. Mara iliyofuata akarusha mpira wa yadi 41, DeVonta Smith akaudaka na kufunga pointi sita, na mechi ikaisha 26–23 kwa Alabama.

Wanaomlaumu beki wana hoja. Mpigaji wa Alabama alikuwa amekosa mkwaju wa goli, wenye pointi tatu, wa yadi 36 mwishoni mwa muda wa kawaida, na kutoka pale waliporudishwa mkwaju ungekuwa wa yadi 58 hivi. Georgia wangeweza kuachia yadi 15 na bado wasipoteze chochote ila uongozi. Kilichokatazwa kilikuwa kimoja tu, mtu kumpita beki wa mwisho, nacho ndicho kilichotokea.

Hata hivyo, naona hukumu hiyo imeanzia mwisho wa hadithi.

Georgia walilinda kwa mabeki wawili wa nyuma, kila mmoja akipewa nusu ya uwanja. Uwanja una upana wa mita 48 na ushei, kwa hiyo kila mmoja ana mita 24 za kuchunga peke yake. Alabama wakatuma wapokeaji wanne, wote wakikimbia moja kwa moja kwenda mbele. Wanne kwa wawili! Hesabu hiyo hainitoki kichwani. Kila beki ana watu wawili, mmoja anapita kwa ndani na mwingine kando ya mstari. Akimwegemea huyu, amemfungulia yule mlango. Katika soka mabeki wangepanda juu wakamtegea mshambuliaji aotee. Huku hakuna kuotea, na aliyekupita amekupita.

Ndiyo maana ulinzi wa aina hii haujengwi nyuma. Unajengwa na beki wa pembeni, ambaye kazi yake ni kumgonga mpokeaji anapoanza tu kukimbia, amvunje kasi, ili mwenzake wa nyuma apate muda wa kusogea. Smith alipita bila kizuizi cha maana. Tagovailoa naye alielekeza macho upande mwingine kwanza, beki wa nyuma akagandia katikati, kisha Tagovailoa akageuka na kurusha kushoto. Beki aliyefundishwa kuyasoma macho ya kwotabeki aliyasoma, na macho yakamdanganya.

Kocha wa Georgia, Kirby Smart, aliwahi kuongoza ulinzi wa Alabama hiyohiyo kwa miaka mingi chini ya kocha mkuu wake, Nick Saban. Alijua vizuri kwamba mabeki wawili hulemewa na njia nne ndefu. Kwa adui anayehitaji yadi 26 ili apate majaribio mapya, ningetaka kuona watu watatu nyuma, hata kama Alabama wangepata pasi fupi katikati.

Beki yule alichelewa, sikatai. Lakini ukiirudia picha, usimwanzie yeye. Isimamishe mpira unapoanza kuchezwa, umtazame Smith kwenye yadi tano za mwanzo, uhesabu mikono iliyomgusa.