Fundi wa friji na kampuni: mkataba au mchoro?

Friji ikigoma huko Umoja au Kawangware, jijini Nairobi, mwenyewe ana njia mbili. Waranti ikiwa hai, anaipigia kampuni simu na kungoja fundi wao. Ikiwa imekwisha, anaita fundi wa mtaa, naye fundi huyo hupanda matatu hadi Luthuli Avenue na kuzunguka madukani na kipande kibovu mkononi, akitafuta kinachofanana nacho. Wazo la kuziunganisha njia hizi ni rahisi kulieleza: fundi wa kujitegemea afanye kazi moja kwa moja na kampuni, apate spea halisi, michoro na mafunzo, na kampuni ipate mikono mtaani bila kuajiri.

Tunaliunga mkono wazo hilo, kwa sharti. Kitu cha kwanza ambacho fundi anapaswa kudai ni mchoro wa friji, jedwali la misimbo ya hitilafu na bei za spea. Kuwa wakala wa huduma wa kampuni ni jambo jingine kabisa, lakini mara nyingi haya mawili hufungwa furushi moja, na anayetaka la kwanza hulazimika kumeza la pili.

Tuanze na hofu ya kampuni, maana ina msingi. Friji nyingi mpya za nyumbani zinatumia gesi ya R600a, yaani isobutani, na gesi hiyo inawaka. Kiasi chake ni kidogo: kibandiko cha nyuma kinaweza kusoma gramu 45, au 60. Friji ya R134a, gesi ya zamani zaidi isiyowaka, yenye ukubwa unaokaribiana, hubeba takriban mara mbili ya hapo. Fundi aliyezoea R134a hujaza kwa kutazama geji na kushika bomba linalorudi kwenye kompresa, na kwa gesi ile mazoea yalimfikisha karibu na kipimo. Kwa R600a geji haimsaidii sana. Isobutani huchemka kwenye nyuzi 11.7 chini ya sifuri, kwa hiyo freeza ikishafika nyuzi 20 chini ya sifuri, shinikizo la upande wa kunyonya linakuwa dogo kuliko la hewa tuliyomo. Sindano inashuka chini ya sifuri, na hapo gramu 35 na gramu 45 ni vigumu kuzitofautisha kwa macho. Anayetaka uhakika anahitaji mizani ya dijitali inayosoma gramu moja moja. Kosa la gramu 10 kwenye mfumo wa gramu 45 ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya gesi yote.

Hali hiyo hiyo ndiyo huzaa lalamiko ambalo kila fundi wa friji amelisikia: inagandisha asubuhi, inaacha mchana, jioni inaanza tena. Tundu likiwa upande wa kunyonya, friji huvuta hewa na unyevu kuingia ndani. Unyevu unaganda kwenye ncha ya kapilari, bomba jembamba linalopeleka gesi kwenye freeza, na kuiziba, kompresa inanguruma bila kazi, barafu ile inayeyuka, gesi inapita tena. Anayeongeza gesi juu ya hali hiyo anaitupa. Kazi yenyewe ni kutoa gesi iliyobaki mahali penye hewa ya kutosha, kutia naitrojeni ili kulipata tundu na kuliziba, kubadilisha draya, kichujio cha kunasa unyevu, kwa ile inayofaa R600a, kunyonya hewa kwa pampu hadi mikroni 500 za kipimo cha utupu au chini yake, kufunga vali na kutazama kama kipimo kinapanda, ndipo ujaze kwa mizani. Moto wa kuchomelea hauingii hapo kabla mfumo haujasafishwa kwa naitrojeni, na palipo na viungio vya kubana visivyohitaji moto, hivyo ndivyo salama zaidi. Gesi ya kupikia nayo si mbadala. Ni mchanganyiko wa propani na butani, imetiwa harufu, na haikukaushwa kwa kiwango kinachotakiwa na friji.

Spea nazo zina mitego yake. Hita ya kuyeyusha barafu katika friji ya R600a huchaguliwa ili uso wake usifikie joto la kuiwasha gesi hiyo ikivuja. Hita ya kubahatisha inaweza kuwa na urefu sawa na kishikizo sawa, friji ikafanya kazi vizuri kabisa, na hatari ikabaki imekaa ndani ikingoja siku ya tundu. Kampuni ikisema haitaki jina lake kwenye friji iliyowekwa hita ya namna hiyo, inasema kweli.

Lakini tazama hoja hiyo inaishia wapi. Kama hatari inatokana na fundi kutojua gramu, aina ya draya na aina ya hita, basi kumnyima maelezo hayo kunaiongeza. Friji haitangoja mtandao wa kampuni ufike mtaani. Itatengenezwa wiki hii, na fundi wa mtaa, kwa habari alizonazo. Kifaa kimoja tu ndicho tungekubali maelezo yake yafungwe zaidi, nacho ni maikrowevu, kwa kuwa kapasita yake inaweza kubaki na chaji ya kuua hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Hata huko, onyo na utaratibu wa kuiondoa chaji vinapaswa kumfikia kila fundi.

Kwenye bodi ya umeme ndiko mvutano unakoonekana vizuri zaidi. Chukua friji ya inveta, yaani ile ambayo bodi hubadilisha kasi ya kompresa: haigandishi, na taa ndogo kwenye bodi inamemeta mara sita, inapumzika, inamemeta tena. Katika modeli moja mmemeto huo unaweza kumaanisha kompresa, katika nyingine ni feni au mawasiliano kati ya bodi mbili. Asiye na jedwali anakisia, na kisio la kawaida ni kompresa, ambayo ni spea ya bei ghali kuliko nyingi. Mwenye uzoefu anachomoa plagi ya kompresa na kupima pini tatu kwa mita. Pande zote tatu zikitoa ohmu zinazolingana, na hakuna pini inayopitisha umeme kwenye ganda la chuma la kompresa, nyaya za ndani ziko sawa na macho yageukie bodi ya umeme. Asijaribu kamwe kuiwasha kompresa hiyo kwa stima ya ukutani ya volti 240 kama alivyokuwa akifanya na zile za zamani. Kompresa ya inveta huendeshwa na bodi kwa awamu tatu, na kuilisha moja kwa moja ni kuiunguza.

Tuseme tatizo ni bodi. Stima ilipotea, ikarudi kwa kishindo, na friji haikuwa na kinga ya umeme. Mara nyingi kilichokufa ni fyuzi na varista iliyo kando yake, kipande kinachoikinga bodi umeme ukipanda ghafla, wakati mwingine na kipande kimoja cha sehemu ya kupokea umeme. Fundi wa Luthuli anavitoa kwa kuyeyusha lehemu, anaweka vipya, anaipima bodi kupitia balbu iliyofungwa mfululizo kabla ya kuipa stima kamili, na mteja anaokoa pesa nyingi. Fundi wa kampuni, kwa kawaida, habadilishi kipande. Anabadilisha bodi nzima, kwa sababu hicho ndicho kilicho kwenye orodha ya spea na ndicho kampuni iko tayari kukidhamini.

Hapo kuna jambo ambalo wanaoupigia debe ushirikiano huu hawalitaji vya kutosha. Mkataba wa uwakala huleta kazi, lakini unaweza kumbadilisha fundi kutoka mtu anayetengeneza kuwa mtu anayebadilisha vipande. Mashine za kufua ni mfano mwingine. Beringi zake nyingi ni za saizi za kawaida, 6205 na 6206 zikiwa miongoni mwake, na zinapatikana dukani pamoja na sili yake. Ila pipa la baadhi ya mashine limeunganishwa kiwandani lisifunguke, na kiwanda kinauza pipa zima. Fundi wa mtaa hulikata kwenye mshono kwa msumeno mwembamba, anabadilisha beringi na sili, analirudisha kwa skrubu na silikoni. Ikifanywa kwa uangalifu kazi hiyo hudumu. Chini ya mkataba wa kampuni hairuhusiwi. Kampuni ina sababu, kwa kuwa pipa likifunguka kwenye mzunguko wa kukausha linaweza kuleta madhara. Mteja wa mashine ya miaka saba naye ana sababu, kwa kuwa bei ya pipa zima inaweza kumfanya aitupe mashine yote.

Sasa hesabu ya pesa. Kazi za waranti hulipwa kwa kiwango kilichopangwa na kampuni. Tuseme ni shilingi 1,500 kwa kazi. Fundi anatoka mjini hadi Kitengela kukagua, anaagiza spea, anarudi siku nyingine kuiweka. Nauli ikiwa shilingi 200 kwa kila safari, safari nne ni 800. Zimebaki 700 kwa nusu siku mbili, na zinalipwa baada ya siku 60 iwapo fomu imekubaliwa. Picha ya nambari ya mfululizo ikikosekana, au spea mbovu isiporudishwa kwa wakati, malipo yanakataliwa. Hapo faida pekee ni kujulikana kwa wateja, na wateja wenyewe wamesajiliwa kwa jina la kampuni. Waranti ikiisha, simu yao inakwenda kampuni tena.

Upande wa pili wa daftari nao usipuuzwe. Fundi mwenye kazi tano za uhakika kwa wiki katika mtaa mmoja, tuseme zote Kasarani na Roysambu, anaweza kuzipanga siku moja, na kiwango kile kile kikawa na maana. Anapata pia mtu wa kumpigia simu akikwama, kitu ambacho fundi wa peke yake hana. Mteja naye huona jina analolijua na hasiti kufungua mlango. Kwa kijana aliyetoka chuoni na mizani yake na pampu yake, asiyejulikana na yeyote, hilo si dogo.

Wenzetu wengine wameamua kuyatenganisha mambo haya mawili kwa sheria. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni za 2019 zilizoanza kutumika Machi 2021, unataka spea muhimu za friji zipatikane kwa miaka 7 na za mashine za kufua kwa miaka 10 baada ya modeli kuacha kuingizwa sokoni, zikifika ndani ya siku 15 za kazi. Fundi huru anaweza kuomba michoro na misimbo. Kampuni inaruhusiwa kumtaka athibitishe ujuzi wake na bima yake, na kumtoza ada ya kiasi, bila kumlazimisha kuwa wakala wake. Marekani imejaribu pia njia ya makubaliano. Januari 2023 John Deere, kampuni ya matrekta, ilitia saini hati ya maelewano na shirikisho kubwa la wakulima kuhusu vifaa na maelezo ya ukarabati, na ndani yake shirikisho likakubali kutounga mkono sheria za haki ya kutengeneza, yaani zinazoilazimisha kampuni kutoa vifaa na maelezo hayo. Miaka miwili baadaye, Januari 2025, tume ya biashara ya serikali kuu iliishtaki kampuni hiyo mahakamani kuhusu suala hilo hilo la ukarabati. Fundi wa Nairobi anayepewa mkataba asome kwa makini kifungu kinachosema atanyamazia nini.

Kenya haina sheria ya namna ile ya Ulaya. Ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayomwekea mzalishaji, na mwagizaji pia, wajibu kwa bidhaa yake hata ikishakuwa taka. Kampuni inayobeba gharama ya friji iliyokufa ina sababu mpya ya kutaka friji hiyo iishi, na hapo ndipo fundi ana kitu cha kuiuzia.

Halafu kuna swali la nani hasa ni mtengenezaji. Jina lililo mlangoni mwa friji linaweza kuwa la mwagizaji wa hapa, huku friji yenyewe ikitoka kwenye kiwanda cha Shunde, China, kinachowauzia wengine friji hiyo hiyo kwa majina tofauti. Bodi iliyo ndani hubeba nambari yake, iliyochapishwa kwenye bodi yenyewe au kwenye kibandiko, na nambari hiyo ina nguvu kuliko jina la mlangoni. Mafundi 15 wakiweka pesa pamoja kwenye chama wanaweza kufikia kiwango cha chini cha oda, vipande 20 au 50, ambacho fundi mmoja hawezi. Wachukue kwanza kipande kimoja cha majaribio. Baadhi ya bodi huhitaji kuwekewa msimbo wa modeli ndipo zifanye kazi, na bodi 50 zisizo na msimbo ni mzigo wa kukaa nao. Na wajihadhari na jambo moja: kununua spea pamoja ni sawa, lakini kukubaliana bei ya kazi miongoni mwao kunaweza kuwaingiza kwenye makosa chini ya Sheria ya Ushindani ya 2010.

Kwa anayekwenda kuzungumza na kampuni, aende na cheti cha majaribio ya ufundi cha NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, hata kama ni cha daraja la tatu, mizani, pampu ya kunyonya hewa, kitambua-uvujaji kinachofaa gesi zinazowaka, na kadi za kazi za miezi mitatu zenye modeli, nambari ya mfululizo, gramu zilizojazwa na kipande kilichobadilishwa. Kadi hizo ndizo zinazoijibu hofu ya kampuni kuliko maneno. Kwenye mkataba adai kiwango kinachopanda kwa umbali, malipo ya safari ya pili, siku 30 za kulipwa, gharama ya spea iliyofika ikiwa mbovu ibebwe na kampuni, uhuru wa kutengeneza chapa nyingine, na uhuru wa kutengeneza bodi na mapipa ya wateja ambao waranti yao imekwisha, kwa risiti yake mwenyewe na kwa dhamana yake mwenyewe.

Kabla ya yote hayo aandike barua pepe moja, ataje modeli tatu anazokutana nazo zaidi, na aombe jedwali la misimbo na bei ya bodi za modeli hizo. Jibu likija na jedwali na bei, kuna mazungumzo ya kufanya. Likija na fomu ya uwakala peke yake, arudi kwenye chama chake na nambari iliyochapishwa kwenye bodi.