Chuma kitupu au plastiki: bastola ya mzee wa Ngamiani

Mzee mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, anayepeleka machungwa ya Muheza kwenye masoko ya Dar es Salaam, amepata leseni ya kumiliki bastola. Kaihangaikia tangu kwa mwenyekiti wa mtaa mpaka polisi, na sasa kabakiwa na swali ambalo hakuna afisa wa kumjibia: anunue ipi? Dukani kashikishwa mbili, moja ya chuma kitupu, nyingine ya plastiki. Wanawe wameshamwamulia. "Baba, kilo nzima ya chuma ya nini? Zama hizo zimepita."

Alikuja barazani kwangu kuniuliza, maana anajua miaka mingi nimekula kwa kazi ya ulinzi. Nikaanza kwa kumwambia kwamba wanawe hawajakosea. Halafu nikajikuta natumia nusu saa kumweleza kwa nini hawajapatia.

Hili neno "plastiki" linapotosha kidogo. Bastola kama Glock 17, iliyochaguliwa na jeshi la Austria mwaka 1982, ina fremu ya plastiki ngumu, ile sehemu unayoishika, lakini slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma ukifyatua, na mtutu wake ni chuma. Ya chuma kitupu, kwa mfano CZ 75 iliyotokea Chekoslovakia mwaka 1975, ni chuma juu mpaka chini. Kwa hiyo ugomvi wote ni wa fremu, na fremu ndiyo inayobeba tofauti kubwa ya uzito.

Uzito ndio shtaka la kwanza, na ndio ninaotaka kuutetea. Risasi ya milimita 9 haijui imetoka kwenye bastola gani. Inasukumwa mbele, na bastola inasukumwa nyuma kwa kadiri ileile. Kinachobadilika ni kasi ya bastola kurudi, na hapo mwamuzi ni uzito. CZ 75 isiyo na risasi ina kama kilo moja. Glock 17, nayo ikiwa na magazini tupu, kile kikasha cha kutilia risasi, ina kama gramu 700. Piga hesabu: nishati ya teke linalofika kwenye kiganja inapungua kwa karibu asilimia 30 ukishika ya chuma.

Wapenzi wa chuma hupenda kuishia hapo, na hapo si haki kuishia. Nani anafyatua bastola tupu? Risasi moja ina kama gramu 12. Jaza 16 kwenye CZ na 17 kwenye Glock, kila moja inaongezeka gramu 200 hivi. Sasa ni kilo 1.2 kwa 0.9, na ile asilimia 30 imeshuka kwenye 25. Lakini fyatua, uone. Kila risasi inayotoka inapunguza uzito, na bastola nyepesi ndiyo inayoumia zaidi kwa kupunguziwa. Pengo linaanza kupanuka tena kurudi kwenye 30. Yaani risasi ya mwisho ina teke kuliko ya kwanza kwenye bastola zote mbili, ila kwenye nyepesi mkono unalijua zaidi.

Asilimia 25 kwenye karatasi ni ndogo. Kwenye kifundo cha mkono cha mtu aliyevuka miaka 60 si ndogo hata kidogo. Nimesimama nyuma ya vijana wengi kwenye uwanja wa shabaha, na ugonjwa wao ni mmoja: mwili unalisubiri teke kabla halijaja. Jicho linafumba, mkono unakaza, mtutu unainama sekunde ileile ya kubonyeza, na risasi inachimba mchanga hatua tano mbele ya shabaha. Mwalimu anapiga kelele, kijana anaapa kwamba alilenga. Kweli alilenga, ila hakukaa kwenye shabaha. Mpe kijana huyohuyo bastola nzito, na mara nyingi mtutu unatulia, kwa sababu ameacha kuiogopa. Askari anayepiga mamia ya risasi kwa mwaka anaweza kuizoea nyepesi. Mzee wangu atapiga ngapi? Akijitahidi sana, kasha moja.

Upande wa pili una hoja nzito, na nzito kuliko zote ni ya majeshi. Waingereza walikuwa na Browning Hi-Power, bastola ya chuma ya mwaka 1935, kwa miongo mingi. Mwaka 2013 wakatangaza kuiacha, wakaagiza Glock zaidi ya 25,000. Kama wanaojua vita wamekimbilia plastiki, sisi wa Tanga ni nani? Ni hoja ya kweli, lakini tazama anayebebeshwa. Askari yule tayari ana bunduki kubwa, fulana ya kuzuia risasi, redio na maji, na kwake kila gramu ni deni. Mzee wa Ngamiani hana hata kimoja cha hivyo. Anataka kitu kikae kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, wajukuu wasikifikie, na kimtii usiku mmoja ambao tunaomba usije.

Lakini angekuwa mtu wa kutembea nayo kiunoni kutwa, ningesema vingine. Jua la Tanga na shati jepesi havipatani na kilo 1.2. Mkanda unavutika, shati linatuna, na ukishachoka unaanza kuiacha kwenye droo ya gari, kosa linalozidi yote niliyotaja. Anayetembea achukue nyepesi, wala asinione mimi.

Halafu kuna kutu. Hapa hoja ya wanawe ilinibana, na pwani hii hakuna asiyejua wanachosema. Mabati ya Raskazone yanakwisha kabla ya kuta zake. Ile rangi nyeusi ya bastola za zamani si rangi ya kupaka. Kwa kweli ni kutu nyeusi iliyopikwa na kufugwa ili izuie kutu nyekundu, nayo ni nyembamba sana. Jasho likipita juu yake usiku mmoja, asubuhi unakuta madoa ya kahawia kwenye kona. Ukiihifadhi kwenye ala ya ngozi ndiyo umeialika, maana ngozi inanyonya unyevu na kuukumbatia kwenye chuma. Masika yakiingia, juma moja bila kuifuta linatosha.

Haya yote nayakubali. Ninachokataa ni kwamba plastiki imeponya. Slaidi ya Glock inastahimili kwa sababu chuma chake kimetiwa dawa ya kukigumisha juu, si kwa sababu kimepakana na plastiki. Ndani yake kuna springi, pini na mtutu, vyote chuma, na chumvi inavijua. Nimefungua bastola za plastiki za wenzangu, nje zinang'aa kama jana, ndani magazini zimeota vumbi la kahawia, kwa sababu mwenyewe aliambiwa haishiki kutu. Ya chuma inakutisha mapema, doa linaonekana. Hilo nalihesabu upande wake, ingawa najua kuna watakaosema natetea ugonjwa kwa kuwa una dalili.

Kuna na jambo la kifyatulio. CZ 75 ukiibonyeza nyundo yake ya nyuma, ile inayopiga pini, ikiwa chini, vuto la kwanza ni refu na zito, yanayofuata ni mafupi na mepesi. Wengine wanaona ni usumbufu kujifunza vuto mbili. Kwa nyumba yenye watoto, ule uzito wa kwanza mimi siulalamikii.

Nilimwambia pia kwamba kama tatizo lake ni geti la nyuma ambalo komeo limelegea, fundi wa kuchomelea yuko karibu na bei yake haifiki robo ya bastola yoyote. Akacheka, akasema geti kashalitengeneza tangu Ramadhani.

Jibu langu lilibaki kwenye mafuta. Bastola ya chuma kitupu kwa upepo huu inataka kitambaa na tone la mafuta ya cherehani kila wiki, na mtu asiyeweza hilo asiinunue hata akipewa bure. Ningemuuliza kama ataweza, na angenijibu ataweza, kama kila mtu. Sikumuuliza. Baiskeli yake ilikuwa imeegemea ukuta wa baraza, Phoenix ileile anayoendesha tangu wanangu wakiwa shule ya msingi. Nikainama kama nachukua kikombe cha kahawa, nikapitisha kidole kwenye mnyororo. Kikatoka cheusi, kinateleza, bila chembe ya kahawia.

Nikamwambia achukue ya chuma.